Acheni Kuitamani Risasi ya China

Kaa nusu saa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Moshi mjini siku ambayo magazeti yametoka na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Kikombe cha pili hakijamiminwa utakuwa umeshaisikia: "Huyu angekuwa China, saa hizi ni marehemu." Hakuna anayebisha. Anayeuza kashata anaitikia, mwenye gazeti anafunua ukurasa wa michezo, na mzee aliyetoa hoja anamalizia kwamba ndiyo maana wenzetu wamefika walipofika na sisi bado tunachangishana madawati. Nimeisikia kauli hiyo kwenye Hiace ya Machame, nimeisikia kwenye matanga Kibosho, nimeisikia hata kwa wakili, mtu ambaye kazi yake peke yake ingetosha kumtia wasiwasi.

Nabisha. Tena nabishia hapahapa mlimani, kwa sababu sioni mkoa wenye kumbukumbu za kutosha kuikataa kauli hiyo kama Kilimanjaro. Shida yetu ni kwamba kumbukumbu hizo tumezitawanya: ya Mangi Meli tumeikabidhi kwa waongoza watalii, ya mwaka 1983 tumewaachia wazee waifanye kichekesho, na ya Hai tumeigawana kwa ushabiki wa vyama. Nataka kuzikusanya. Ila kwanza twende hukohuko China, maana wengi wanaoisifu risasi yake hawajawahi kuuliza aliyepigwa alikuwa nani na alipigwa lini.

Nawapa mfano ulio bora kwa upande wao, ili wasiseme nimechagua dhaifu. Liu Han alizaliwa mwaka 1965 Guanghan, mji wa jimbo la Sichuan. Alichuma fedha zake za kwanza miaka ya 1990 kwenye masoko ya bidhaa, na mwaka 1997 akaanzisha kampuni ya Hanlong huko Mianyang. Umeme wa maji, majumba, madini, kote alikuwamo. Mwaka 2012 jarida la Forbes lilikadiria utajiri wake kuwa dola milioni 855. Mkono wake ulikuwa umeshaifikia Afrika: Hanlong ilikuwa mbioni kuinunua Sundance, kampuni ya Australia iliyoshika mradi wa chuma wa Mbalam na Nabeba, mpakani mwa Kameruni na Kongo Brazzaville. Alikuwa mjumbe wa baraza la ushauri wa kisiasa la jimbo lake. Na alikuwa na sifa ambayo fedha hainunui kirahisi. Tetemeko la Mei 2008 lilipoipiga Sichuan, madarasa ya serikali yaliporomoka na kuua maelfu ya watoto, lakini shule ya msingi iliyojengwa kwa msaada wa Hanlong huko Beichuan ilisimama, na wanafunzi wake wakatoka salama. China nzima iliizungumzia shule hiyo.

Upande wa pili wa sarafu ulikuwa damu. Mdogo wake, Liu Wei, aliendesha genge lenye bunduki. Januari 2009, mchana kweupe, watu watatu walipigwa risasi wakiwa kwenye mgahawa wa chai Guanghan, na mmoja wao alikuwa hasimu wa Liu Wei. Mdogo mtu akatoroka. Kaka mtu akaendelea na mikutano ya bodi.

Machi 2013 Liu Han akakamatwa. Mwezi huohuo Rais Xi Jinping, akiwa na siku chache tu madarakani, alikuwa Dar es Salaam akihutubia kwenye ukumbi wa Mwalimu Nyerere, na sisi tukipiga makofi. Aprili mpango wa kuinunua Sundance ukafa. Mwaka uliofuata Liu Han na wenzake 35 wakafikishwa mahakamani Xianning, jimbo la Hubei, mbali na nyumbani kwake. Mei 2014 alihukumiwa kifo, Agosti rufaa yake ikatupwa, na tarehe 9 Februari 2015 akauawa pamoja na mdogo wake na watu wengine watatu. Alikuwa na miaka 49.

Hapo ndipo watu wa kijiweni hugonga meza: umeona? Tajiri, mjumbe, mwenye shule, na bado kalala.

Nimeona. Sasa ninyi angalieni tarehe. Watu watatu wameuawa mgahawani Januari 2009, na anayetajwa ni mdogo wa tajiri anayejulikana jimbo zima. Polisi wa Guanghan walikuwepo 2009. Walikuwepo 2010, 2011 na 2012. Sheria ya kifo ilikuwepo miaka yote hiyo, haikutungwa Machi 2013. Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu. Zhou Yongkang, aliyewahi kuwa katibu wa chama wa Sichuan, kisha waziri wa usalama wa umma, kisha mjumbe wa Kamati ya Kudumu ya Politiburo mwenye polisi na mahakama mkononi, alistaafu Novemba 2012, na mkuu mpya hakumtaka. Magazeti ya China yenyewe yaliandika juu ya biashara kati ya Liu Han na Zhou Bin, mtoto wa Zhou. Mti mkubwa ulipoanza kutikiswa, matawi ndiyo yaliyotangulia kuanguka.

Mti wenyewe je? Julai 2014 ilitangazwa rasmi kwamba Zhou anachunguzwa. Kesi yake ilisikilizwa kwa siri, na Juni 2015 akapewa kifungo cha maisha. Hakupigwa risasi. Aliyekuwa bosi wa polisi wa nchi nzima yuko hai, na tajiri wa mkoani aliyekuwa akijua nani alipokea nini, lini na kwa mkono wa nani, alizikwa miezi minne kabla ya hukumu hiyo. Walinzi wa genge waliofikishwa mbele ya hakimu pamoja na kesi ya Liu Han walikuwa maofisa watatu wa ngazi ya chini, wawili wa polisi na mmoja mwendesha mashitaka. Ukiniambia kwamba maofisa watatu wa wilaya ndio walioweza kumkinga tajiri wa kiwango kile kwa zaidi ya miaka kumi, nitakuomba tubadilishe mazungumzo.

Najua jibu linalokuja: hata kama siasa ndiyo iliyomfikisha pale, mwuaji ni mwuaji, kafa, yameisha. Simlilii Liu Han. Ushahidi uliotolewa dhidi ya kundi lake ulikuwa mzito na sina sababu ya kuukana. Lakini ndugu wa wale watatu wa mgahawani walikaa miaka minne wakimwona tajiri yule kwenye televisheni akigawa misaada. Haki yao iliwekwa foleni nyuma ya mgogoro wa wakubwa Beijing, na ikahudumiwa siku mgogoro ulipoihitaji. Kama Zhou angeshinda mchuano ule, Liu Han angekuwa na mgodi wake wa chuma Afrika ya Kati leo, na mzee wetu wa kijiweni angekuwa anamtaja kama mfano wa mwekezaji.

Na hiyo hoja kwamba risasi imewaponya? Januari 2021 walimwua Lai Xiaomin, aliyekuwa mkuu wa shirika la fedha la Huarong, kwa rushwa ya yuan bilioni moja na ushee. Miaka mitatu baadaye, Juni 2024, mawaziri wawili wa ulinzi wa zamani, Li Shangfu na Wei Fenghe, walifukuzwa chamani siku moja kwa rushwa. Hao walikuwa wanaona wenzao wakiuawa, tena kwa karibu kuliko sisi. Kampeni iliyoanza mwishoni mwa 2012 bado inakusanya majenerali. Treni zao za mwendo kasi zimejengwa na wahandisi, na baadhi ya waliozisimamia walikula pia. Waziri wao wa reli, Liu Zhijun, alihukumiwa mwaka 2013.

Basi turudi nyumbani.

Pale Tsudunyi, Old Moshi, kuna mti ambao kila mwongoza watalii anaujua. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga hapo Mangi Meli, chifu wa Moshi, mtoto wa Rindi, pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Tunaisimulia kama habari ya ukoloni, na ni kweli, kamba ilikuwa ya Mjerumani. Lakini tuhuma ilitoka wapi? Meli na wenzake walishitakiwa kwamba walikuwa wakipanga njama dhidi ya serikali. Aliyemnong'oneza mkuu wa kituo, Kurt Johannes, kwa masimulizi ya wazee na ya wanahistoria walioyaandika, alikuwa Mangi Marealle wa Marangu, hasimu wa Moshi na kipenzi cha Johannes. Marealle alitoka kwenye shauri lile akiwa mkubwa kuliko mamangi wote wa mlima huu. Kisha Johannes akaondoka. Mwaka 1904 Marealle mwenyewe akatuhumiwa kupanga njama dhidi ya Wajerumani, kosa lilelile, akakimbilia Nairobi.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, halafu useme kama zinahitaji maelezo kwa mtu aliyeishi Hai kati ya 2018 na 2023. Nitafika huko.

Katikati kuna 1983. Machi mwaka huo Waziri Mkuu Edward Sokoine alitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Wengi tunampenda Sokoine na mimi ni mmoja wao. Mtu aliyekufa bila jumba hawezi kutuhumiwa kwamba alikuwa akitafuta chake. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya vita ile iliunda baraza maalumu ambalo mtuhumiwa aliingia bila wakili na bila dhamana. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, maduka ya ushirika yalikuwa na rafu tupu, na huku Rombo na Himo sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya meno vilikuwa vinapita Tarakea na Holili kwa njia za panya. Nani hakuwa mhujumu? Mama aliyekuwa na katoni mbili za sabuni chini ya kitanda aliamka usiku kwenda kuzitupa mfongoni, yaani kwenye mfereji wa maji, asubuhi maji yakateremka na povu mpaka kwa jirani. Wazee wanacheka wakisimulia. Hawacheki sana wakifika kwenye sehemu ya nani aliyekwenda kumtaja nani, kwa sababu ya kiwanja gani, kwa deni gani la mbege. Mwaka 1984 sheria ile ilibadilishwa, mawakili wakaruhusiwa na mahakama zikarudishiwa kazi. Serikali yenyewe iliona. Ila neno uhujumu uchumi lilibaki kwenye vitabu, na dhamana haikurudi yote.

Sasa Hai.

Freeman Mbowe ni mfanyabiashara aliyerithi jina kubwa na hoteli, akaongeza siasa juu yake. Mbunge wa Hai kuanzia 2000 hadi 2005, kisha 2010 hadi 2020. Mwenyekiti wa CHADEMA kuanzia 2004 hadi 2025. Sina kadi ya chama chake, na wapo Machame watakaokupa orodha ndefu ya malalamiko dhidi yake. Septemba 2016 Shirika la Nyumba la Taifa lilimtoa kwenye jengo la Bilicanas, klabu maarufu ya Dar es Salaam, likidai malimbikizo ya kodi ya zaidi ya shilingi bilioni moja. Yeye akasema walikuwa wabia, hakuwa mpangaji wa kawaida. Mgogoro wa aina hiyo upo kila mji, na wa kuuamua ni hakimu. Juni 2017 zamu ikawa ya shamba lake la mboga kijijini Nshara, karibu na mto Weruweru. Mamlaka zikaingia, kitalu nyumba kikabomolewa, mabomba ya umwagiliaji yakang'olewa. Sababu ilikuwa Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Mita 60 ni sheria nzuri. Ninachowaomba ni mshuke kwa miguu kandokando ya Weruweru, au Kikafu, au Karanga, mkiwa na kamba ya kupimia. Mtahesabu migomba inayochovya majani majini, mtahesabu mashamba ya maharage yaliyofika ukingoni kabisa, mtakuta mabanda ya nguruwe. Sheria ilikuwepo kwa kila mmoja wao. Ilimwona mmoja.

Hapo kijiwe hunijibu kwa kauli ya pili, ndugu wa ile ya China: "Angebaki kwenye biashara zake, nani angemgusa? Alitaka siasa." Ni kauli ya ajabu ukiitazama. Anayeisema anakiri kwamba shamba halikubomolewa kwa ajili ya mto, kisha anamlaumu mwenye shamba. Tena si kweli kwamba aliyebaki dukani kwake alisalimika. Waulizeni wafanyabiashara wa Bomang'ombe, Moshi na Arusha waliokuwa hawana chama wala jukwaa.

Maana Julai 2018 Hai ilipata mkuu mpya wa wilaya, Lengai ole Sabaya, kijana, mteule wa Rais Magufuli. Alikuwa mtu wa misafara na walinzi wenye silaha, wa kufunga na kufungua, wa kuwaita wenye mali mbele ya kamera na kuwatuhumu ukwepaji kodi. Na tulimshangilia. Tusijifanye tumesahau. Wapo waliosema hadharani kwamba hatimaye tumepata mtu wa kuwanyoosha matajiri wa Kichagga, na wengine waliosema hivyo ni Wachagga wenyewe. Hakuna aliyetaka kuuliza risiti ya kilichochukuliwa iko wapi. Tulitaka China kidogo, tukaletewa mpaka Bomang'ombe.

Agosti 2020 makomando wa zamani wa jeshi walikamatwa Rau Madukani, hapa Moshi. Julai 2021 Mbowe mwenyewe akakamatwa Mwanza usiku, alikokwenda kwenye kongamano la katiba mpya, na akaunganishwa nao kwenye shitaka la ugaidi. Hati ya mashitaka ilidai njama ilisukwa kwenye Hoteli ya Aishi, Machame, na kwamba miongoni mwa waliolengwa kudhuriwa alikuwa Sabaya. Fedha alizodaiwa kutoa kufadhili ugaidi huo, nchi nzima itikisike, hazikufika hata shilingi milioni moja. Ugaidi hauna dhamana. Alikaa mahabusu miezi zaidi ya saba, mashahidi wakapita, jaji akasema ana kesi ya kujibu, na tarehe 4 Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashitaka akaliondoa shauri. Jioni hiyohiyo Mbowe alikuwa Ikulu akisalimiana na Rais Samia.

Fikirini kidogo. Kama alikuwa gaidi, alifuata nini Ikulu? Kama hakuwa, miezi ile ilikuwa ya nini? Jibu lolote utakalochagua, mahakama haikuruhusiwa kulitoa. Kesi ilifunguliwa na wenye madaraka na ikafungwa na wenye madaraka, kila upande kwa hesabu zake. Na kama tungekuwa na hiyo risasi mnayoitamani, isingesubiri Machi 2022.

Wakati Mbowe yuko Ukonga, aliyedaiwa kuwa mlengwa wake naye alikuwa gerezani. Magufuli alifariki Machi 2021. Mei mwaka huo Sabaya akasimamishwa kazi na kukamatwa. Yaleyale ya Marealle: mlezi kaondoka, hasimu wa jana kageuka mshitakiwa wa leo. Oktoba 2021 mahakama ya Arusha ilimpa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2022 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo. Juni akashinda kesi ya pili, ya uhujumu uchumi, lakini kabla hajavuta hewa ya nje alikuwa ameshafunguliwa nyingine hapa Moshi. Aliachiwa Aprili 2023 kwa makubaliano na upande wa mashitaka, kwa masharti.

Nilikuwa na maoni makali juu ya Sabaya alipokuwa Hai, na bado ninayo. Lakini mtu aliyeshinda rufaa na kesi moja zaidi, kisha akabaki ndani karibu mwaka mzima kwa kuwa shitaka jipya halina dhamana, amefanyiwa kilekile walichofanyiwa wengine. Waliofurahi safari hii ni wale walionuna safari ile. Viti vya watazamaji vilibadilishana tu. Na wale wenye maduka waliosema wamepokonywa fedha zao, hao ambao kwa jina lao yote haya yalifanyika, wangestahili kesi moja iliyopelelezwa vizuri ikafika mwisho. Walipata makubaliano.

Kiini cha hoja yangu kimelala hapo, kwenye kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha: ukiandikiwa moja ya hayo, hakimu hana mamlaka ya kukupa dhamana hata akiona hati yenyewe imejaa hewa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Hivyo basi mwenye kuamua nani alale ndani mwaka mzima ni yule anayeandika hati. Anayetaka kukuangusha hahitaji kukutia hatiani. Anahitaji neno moja tu kwenye karatasi, utakatishaji, na biashara yako itakufa yenyewe wakati unangoja upelelezi ukamilike. Lori litakamatwa na benki, vijana wa dukani watagawana stoo, mke atauza kiwanja cha Pasua kulipa wakili.

Tena tuliwahi kuona bei yake. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwashauri watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakiri, warudishe fedha, watoke. Katika siku chache watuhumiwa 467 walijitokeza wakiahidi zaidi ya shilingi bilioni 107. Wengine bila shaka walikuwa wezi kweli. Lakini mtu aliyekaa gereza la Keko au la Karanga miaka mitatu bila kesi kusikilizwa, akiambiwa atie sahihi aende nyumbani, atatia sahihi hata kwamba aliiba theluji ya Kibo. Januari 2023, akizindua Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande, Rais Samia mwenyewe alihoji fedha za makubaliano hayo zilikwenda wapi, na akataja kwamba kuna akaunti iko China. Wapenzi wa mfano wa China mnaweza kuanza uchunguzi wenu hapo.

Kwa Mbowe niongeze kimoja tu. Kuna mara moja alianguka bila polisi kuhusika: Januari 2025, wajumbe wa chama chake walipomchagua Tundu Lissu awe mwenyekiti badala yake. Alikubali matokeo, akaenda nyumbani. Miezi mitatu baadaye Lissu naye akashitakiwa kwa uhaini, kosa jingine la kwenye orodha ileile.

Mtasema nawatetea wenye nacho. Mwizi wa fedha za umma nataka afungwe, na afilisiwe, na mtoto wake asirithi ghorofa la wizi. Nataka pia hakimu awe na uwezo wa kumwambia mwendesha mashitaka kwamba hati hii haina kitu. Upelelezi utangulie pingu. Mamlaka ikibomoa kitalu cha mtu kwa ajili ya mita 60, ibandike kwenye ofisi ya kijiji orodha ya wote waliomo ndani ya mita hizo na tarehe ya kila mmoja kubomolewa. Vitu hivyo havina mvuto wa risasi, najua. Hakuna atakayevigongea meza.

Tanzania tumeshamwangusha tajiri wa Kichina, kwa njia zetu wenyewe. Yang Fenglan alikuja nchini mwaka 1975 akiwa mkalimani wakati reli ya TAZARA ikijengwa, akarudi kwao, kisha akaja tena na kufungua mgahawa Dar es Salaam, akawa mtu mzito kwenye baraza la wafanyabiashara wa China na Afrika. Alikamatwa 2015. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimpa miaka 15, yeye na Watanzania wawili, kwa biashara ya vipande 860 vya meno ya tembo vyenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Magazeti yalimwita malkia. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitatu, ilichosha, iliahirishwa mno, na mwisho ushahidi ukasomwa mbele ya watu.

Wapo waliolalamika kwamba miaka 15 ni kidogo, kwamba kwao angeuawa. Lakini hati ya mashitaka ilihesabu biashara ile tangu mwaka 2000 hadi 2014. Meno ya tembo hayatoki porini yakaenda pwani yenyewe. Yanapita kwenye vizuizi vya barabara, kwenye mizani, kwenye geti la bandari, na kila mahali hapo palikuwa na mtu mwenye sare, kalamu na daftari. Waliowajua watu hao kwa majina walipelekwa gerezani wakiwa hai, wanaongea, na kila siku ya miaka 15 hiyo serikali ilikuwa na nafasi ya kwenda kuwauliza.